Mto Unaposhuka Huku Mvua Inanyesha

Katika mito mingi ya Kenya, karibu na daraja au mahali pa kuvukia, huonekana ubao mweupe uliosimamishwa majini, wenye alama nyeusi na tarakimu. Wapitao njia huuona kila siku na wengi hawaujali. Watoto huutupia mawe. Lakini ubao huo una mtu wake. Kila asubuhi, na mahali pengine kila jioni pia, mtu huyo hushuka ukingoni, hutazama mahali ambapo uso wa maji unakata ubao, huandika tarakimu katika daftari pamoja na saa, kisha hurudi kwake. Kazi yote haizidi dakika tano. Ndiye mtunza kipimo, na katika hesabu ya maji ya nchi nzima hakuna anayetangulia mbele yake, kwa kuwa wahandisi wote walio ofisini hutegemea alichokiona yeye kwa macho.

Na iwe mfano. Ni wakati wa mvua ndefu, katika mto mmoja wa nchi tambarare. Jioni mtunza kipimo, mzee mwenye kazi hiyo kwa miaka mingi, amesoma mita 4 na sentimita 62. Usiku kucha mvua imenyesha, na alfajiri bado inanyesha; huko milimani mawingu yamefunga kabisa. Mzee anashuka na tochi yake akitarajia kukuta mita 5 au zaidi. Anakuta mita 3 na sentimita 88. Anafuta miwani, anasoma tena. Ni 3.88.

Sasa aandike nini? Aweza kufikiri kwamba macho yamemdanganya, akaandika 4.88, maana kukosea mita moja kamili ni kosa la kawaida sana katika mbao hizi, hasa tarakimu kubwa ikiwa imefunikwa na matope. Aweza pia kukisia, akaandika 5 kwa kuwa ndivyo mto unavyofanya siku zote mvua ikinyesha namna hii. Au aweza kuandika 3.88 na kuonekana mjinga ofisini. Ili kujua lipi ni sawa, yafaa kwanza ifahamike ubao unasema nini, na hausemi nini.

Kimo si wingi

Watu wengi hudhani kwamba ubao hupima wingi wa maji. Sivyo. Ubao hupima kimo cha uso wa maji tu, kuanzia sifuri iliyowekwa na wapimaji siku ubao uliposimamishwa. Sifuri hiyo haina budi kukaa pale pale miaka yote, na kwa sababu hiyo wapimaji huacha alama nyingine nchi kavu, katika mwamba au nguzo ya daraja, ili ubao ukisombwa na maji mwingine uweze kusimamishwa kwa kimo kile kile.

Wingi wa maji hupatikana kwa njia nyingine. Wapimaji huja na chombo chenye panga dogo linalozungushwa na maji. Hupima upana wa mto, kina chake mahali pengi, na mwendo wa maji katika kila mahali. Kisha kwa kuzidisha na kujumlisha hupata ni mita za ujazo ngapi zinazopita kila sekunde. Wakifanya hivyo mara nyingi, mto ukiwa umekauka na mto ukiwa umejaa, hupata mstari wa kuchora katika karatasi, unaounganisha kila kimo na wingi wake. Tangu hapo mtunza kipimo akipeleka kimo, ofisini hutazamwa mstari na wingi hujulikana. Mstari huo ni kama mapatano kati ya wapimaji na mto, ila mto haukutia sahihi.

Tana ni mfano mzuri. Huko Garissa mto huu hupita juu ya mchanga na matope yaletwayo kutoka nchi za juu. Gharika ikija huchimba sakafu ya mto mahali pamoja na kumwaga mchanga mahali pengine. Maji yakipungua, ubao unaweza kusoma mita 2 kama ulivyosoma mwezi uliopita, lakini njia ya maji chini yake si ile tena. Pengine imeongezeka kina, pengine imezibwa nusu. Kimo ni kile kile, maji ni mengine. Mtu aliye ofisini asiyejua hayo atashangaa kwa nini mto umeonyesha maji mengi kuliko yale yaliyopita kituo kilicho juu yake, wakati hakuna mvua wala kijito kilichoingia katikati. Mtunza kipimo hakukosea, na ubao haukukosea. Ulio mbovu ni mstari wa karatasini, na dawa yake ni kurudi mtoni kupima upya.

Mto uliozuiwa na ndugu yake

Hata mto ambao sakafu yake ni imara waweza kutoa kimo cha ajabu. Mahali palipo mashuhuri kwa jambo hilo ni Khartoum, nchini Sudan, mahali White Nile, mto utokao katika maziwa yetu, unapokutana na Blue Nile utokao Ethiopia. Mto wa kwanza ni mpole, nao maji yake hayabadiliki sana mwaka mzima, kwa kuwa yamepumzika katika maziwa na katika madimbwi makubwa ya Sudan Kusini. Ule wa pili ni mkali. Mvua za Ethiopia zikianza, maji yake hupanda mno, na katika Agosti na Septemba huja kwa nguvu kubwa yakiwa na rangi ya udongo.

Wakati huo mtu akisoma ubao uliomo katika White Nile, kidogo juu ya makutano, ataona maji yanapanda siku baada ya siku. Atasema mto umefurika. Lakini akipima mwendo wa maji atakuta yamekuwa mazito, karibu yasimame. Maana yake ni kwamba Blue Nile imejaza njia na kuziba mlango, na ndugu yake anangoja nyuma kama mtu aliyekuta msafara unapita. Kimo kimepanda, wala maji yanayopita hayakuongezeka. Huenda hata yamepungua. Tabia hiyo ya mto ndiyo waliyoitumia wahandisi walipojenga bwawa la Jebel Aulia, kusini ya Khartoum, lililomalizika mwaka 1937: bwawa liliongeza na kurefusha kungoja ambako mto ulikuwa ukifanya wenyewe kila mwaka, ili maji yafunguliwe baadaye wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo ubao mmoja peke yake, karibu na makutano ya mito au karibu na bahari mahali maji yanapopwa na kujaa, hautoshi. Huwekwa wa pili mbele yake, ili tofauti ya vimo viwili ionyeshe kama maji yanashuka kwa haraka au yamelala.

Nguzo ya Cairo

Watu wa Misri walikuwa wakipima mto huo huo zamani za kale, na katika habari zao mna somo ambalo halijachakaa. Katika kisiwa cha Roda, mjini Cairo, kipo hata leo kisima kikubwa cha mawe kilichojengwa mwaka 861 katika utawala wa Khalifa al-Mutawakkil. Katikati yake imesimama nguzo ya marumaru yenye pande nane, nayo imechorwa alama za dhiraa. Maji ya mto yaliingia kwa njia za chini ya ardhi, yakapanda ndani ya kisima kwa utulivu bila mawimbi, na kimo kikasomwa katika nguzo. Vyombo vingi vya kisasa vinavyojiandikia vyenyewe vimejengwa kwa shauri lile lile: kisima kando ya mto, bomba la kuingizia maji, na boya ndani.

Dhiraa 16 ndiyo iliyokuwa habari njema. Mto ukifika hapo, mashamba yatanyweshwa, chakula kitapatikana, na kodi ya ardhi itatozwa. Usipofika, njaa inakuja. Basi ilikuwa kila mwaka, mto ulipoanza kupanda polepole kuliko ilivyotarajiwa, watu walishikwa na hofu, na wenye nafaka wakaificha wakingoja bei ipande. Njaa ikaanza sokoni kabla haijaanza shambani. Khalifa al-Muizz, aliyeingia Misri mwaka 973, aliamuru kwamba kimo kisitangazwe hadharani mpaka mto utimize dhiraa 16. Kabla ya hapo aambiwe yeye na mkuu wake wa jeshi tu. Watu wengine wameisifu amri hiyo, kwa kuwa ilituliza bei. Lakini yafaa kuangalia kwamba khalifa hakuamuru tarakimu ibadilishwe. Iliandikwa kama ilivyosomwa, akaletewa yeye. Kuficha habari ni shauri la siasa, ambalo watu huweza kubishana juu yake; kuiharibu habari yenyewe ni kujitoboa macho.

Jambo la ajabu zaidi katika nguzo hiyo lilikuja polepole mno hata mtu mmoja asingeweza kuliona katika maisha yake. Mto ule kila mwaka ulimwaga matope yake juu ya mashamba na katika sakafu yake, na nchi ikapanda kidogo kidogo, kiasi cha sentimita 10 hivi katika kila miaka mia. Nguzo haikupanda. Hivyo dhiraa 16 zilizowashibisha mababu hazikutosha tena kuwashibisha wajukuu, na vizazi vya baadaye vilihitaji 17, kisha 18. Mtu aliyesoma madaftari ya zamani bila kujua habari ya matope angesema kwamba mvua za Ethiopia zimeongezeka. Kumbe kilichopanda ni nchi. Hilo lilijulikana kwa sababu moja tu, kwamba kumbukumbu zilitunzwa tangu karne ya 7, kizazi baada ya kizazi. Mafuriko yenyewe hayafiki Cairo tena tangu Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, na nguzo sasa ni ya kutazamwa na wageni.

Jinja, 1961 na 2006

Kichwa cha mto huo kiko karibu nasi zaidi. Vimo vya Ziwa Victoria vimeandikwa tangu mwaka 1896, na ubao ulio mashuhuri ni ule wa Jinja, Uganda, mahali maji yanapotoka ziwani. Kwa zaidi ya miaka 60 ya mwanzo ziwa lilipanda na kushuka kwa kiasi cha kadiri. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1961, likaanza kupanda kwa namna isiyopata kuonekana katika madaftari. Mvua za miezi ile zilikuwa kubwa kupita kiasi katika Afrika ya Mashariki yote. Ziwa likaendelea kupanda mwaka 1962 na 1963, na Mei 1964 ubao wa Jinja ukasoma mita 13 na sentimita 41. Ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba karibu 69,000 lilikuwa limepanda karibu mita 2 na nusu. Mashamba ya kando yakamezwa, na gati na nyumba zikaingia majini.

Wakati kimo kama hicho kinapotokea, kila mtu ana mshtakiwa wake. Bwawa la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa mwaka 1954, miaka michache tu kabla, na ilikuwa rahisi kusema kwamba bwawa ndilo lililozuia maji. Lakini palikuwa na njia ya kuuliza ubao maswali. Kwanza, je, maziwa mengine yalifanyaje? Ziwa Naivasha na Ziwa Tanganyika nayo yalipanda miaka ile ile, wala Owen Falls haiyahusu. Pili, kulikuwa na mapatano kati ya Uganda na Misri kwamba bwawa lifungue maji kwa kadiri ile ile ambayo mwamba wa Ripon Falls ungeyaruhusu kupita kama bwawa lisingekuwako: ziwa likiwa katika kimo fulani, maji fulani yatoke. Maji yalitoka kwa mujibu wa mstari huo. Na ziwa lilipopanda kupita mwisho wa mstari, ilibidi mstari wenyewe urefushwe kwa kufanya majaribio katika mfano mdogo wa maporomoko uliojengwa Uingereza. Basi haikuwa kazi ya bwawa. Ilikuwa mvua.

Mtu angeweza kuishia hapo na kukariri kwamba ziwa likibadilika ni mvua. Lakini baada ya miaka 40 likatokea jambo lililo kinyume. Tangu mwaka 2003 hadi 2006 ziwa lilishuka zaidi ya mita 1, na wavuvi wa Kisumu na Mwanza wakaona mashua zao zimekaa juu ya matope. Ulikuwako ukame kweli, na wengi wakaridhika na neno hilo. Wataalamu walipochukua vimo vya ubao wa Jinja na kuvilinganisha na ule mstari wa mapatano, wakaona kwamba maji yaliyotoka yalikuwa mengi kuliko yaliyostahili kutoka kwa vimo vile; kituo cha pili cha umeme kilikuwa kimejengwa kando ya kile cha kwanza, na umeme ulihitajiwa. Kwa hesabu zao karibu nusu ya kushuka kule kulitokana na kufungua maji kupita kiasi, na nusu nyingine ukame. Ubao ule ule, uliolitetea bwawa mara ya kwanza, ulilishtaki mara ya pili. Mei 2020 ukasoma 13.42, sentimita moja juu ya kile kimo cha 1964, na watu wa pwani za ziwa wakahama tena.

Hapa ndipo ionekanavyo faida ya sifuri isiyohama. Kama mtu, katikati ya miaka ile, angaliusimamisha upya ubao wa Jinja bila uangalifu, akakosea sentimita 20 tu, mabishano yote haya yasingeweza kuamuliwa.

Saa za umeme na tetemeko la mbali

Kuna mambo mengine ya ajabu ambayo ni madogo, lakini yamewahi kuwafanya watunza kipimo waonekane wavivu. Mto ulio chini ya bwawa la umeme hupanda na kushuka kwa saa za watu wala si kwa saa za mvua. Watu wa mjini wawashapo taa na majiko jioni, mitambo huzungushwa zaidi na maji mengi huteremshwa. Usiku wa manane hupunguzwa. Kwenye Tana, tangu Kindaruma mwaka 1968 mpaka Kiambere mwaka 1988, yamejengwa mabwawa matano mfululizo, na mtunza kipimo aliye chini yao akisoma saa moja asubuhi ataona mto mmoja, na akichelewa mpaka saa nne ataona mwingine. Ndiyo sababu saa huandikwa. Kimo kisicho na saa ni nusu ya habari.

Vijito vidogo vya msituni navyo hushuka kidogo kila mchana na kupanda usiku, hata pasipo mvua wala mtu wa kuyateka maji. Ni miti. Jua likiwa kali, miti ya kando ya kijito hunywa maji ya ardhini. Jua likizama huacha kunywa. Kadhalika mashamba ya umwagiliaji yakifungua mifereji asubuhi, mto ulio chini yake hupungua kufikia alasiri, na hilo si siri ya miti.

Lakini la ajabu kupita yote lilitokea tarehe 27 Machi 1964, lilipotokea tetemeko kubwa la ardhi huko Alaska, kaskazini ya mbali ya Marekani. Maelfu ya kilomita kutoka hapo, katika majimbo ya kusini ya nchi hiyo, vyombo vinavyojiandikia vimo katika mito na mabwawa vilichora mistari iliyotikisika ghafula juu na chini. Hakukuwa na mvua, wala upepo wa kutosha. Huko Louisiana mashua zilikatika kamba. Mawimbi ya tetemeko yalikuwa yamepita chini ya ardhi na kuyayumbisha maji kama mtu abebaye beseni. Mamia ya michoro hiyo ilikusanywa na kusomwa na wataalamu. Laiti watunza vyombo wangaliifuta kwa kuona kwamba chombo kimeharibika, jambo hilo lisingejulikana hivi.

Ila ni kweli pia kwamba chombo huharibika. Gogo likiugonga ubao ukainama, utasoma zaidi ya kimo cha kweli, kwa kuwa maji yamefunika sehemu ndefu ya ubao uliolala. Bomba la kisima likizibwa na matope, boya litatulia na chombo kitachora mstari ulionyooka siku tatu, huku mto nje unapanda. Vyombo vipya vinavyopima kwa mawimbi kutoka darajani huona tawi lililokwama, au utando wa buibui, vikadhani ni maji. Na mtunza kipimo mwenyewe ni mwanadamu. Wakati wa mvua ngazi za ukingoni huteleza, na katika mito mingine kuna mamba na kiboko. Siku kama hiyo mtu huweza kuandika akiwa barazani kwake. Daftari la namna hiyo hujulikana upesi, maana tarakimu zake nyingi huishia na sifuri au tano, na mto wake hupanda kwa adabu, sentimita tano tano. Yasiwe matusi kwa mtu huyo. Aliyepaswa kumjengea ngazi nzuri hakuijenga. Afadhali aache nafasi wazi na aandike kwamba hakuweza kushuka, kwa kuwa nafasi iliyo wazi haimdanganyi mtu.

Mto unaposhuka

Basi nini huweza kuufanya mto ushuke wakati mvua inanyesha? Pengine mvua iliyo juu ya kichwa cha mtunza kipimo si mvua ya mto wake. Mto hufuata mvua ya milimani, nayo huenda ilikoma jana. Hilo halina hatari. Lakini kushuka huko huwa kwa taratibu. Kushuka kwa ghafula, kwa sentimita nyingi katika saa chache, maji yakiwa bado ni mekundu na kule juu bado kunanyesha, ni jambo jingine kabisa, nalo ni miongoni mwa habari mbaya sana ambazo ubao waweza kutoa. Maji hayakuisha. Yako mahali.

Huenda ardhi imeporomoka huko juu ikaziba mto, na nyuma ya kifusi ziwa linajaa. Huenda magogo na taka zimeziba njia ya maji chini ya tuta la barabara au la reli. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu katika Bonde la Ufa, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, mahali njia yake ilipozibwa, yalipasuka na kuteremka juu ya nyumba za watu waliolala. Waliokufa walizidi 40. Au huenda, katika nchi tambarare kama Budalang'i, mahali Mto Nzoia unaposhikwa na kingo za udongo mpaka ziwani, ukingo umebomoka upande wa juu na mto umetoka njiani. Hapo ubao ulio chini hushuka, na watu walio karibu nao humshukuru Mungu kwamba gharika imepita.

Sasa turudi kwa yule mzee wa mfano, aliyesimama na tochi yake. Alifanya mambo mawili kabla ya kuandika. Alitazama kama ubao umesimama wima. Kisha alikwenda darajani, akashusha kamba yenye jiwe kutoka kwenye msumari uliopigwa katika nguzo na wapimaji miaka mingi iliyopita, akapima umbali kutoka msumari hadi uso wa maji. Kamba ikakubaliana na ubao. Ndipo akaandika, akapiga simu.

“Shikamoo, Mzee,” akasema afisa wa maji, ambaye alikuwa kijana.

“Marahaba, mwanangu. Saa kumi na mbili na robo nimesoma tatu nukta themanini na nane.”

“Tatu? Si nne, Mzee? Huku kumenyesha usiku kucha.”

“Hata hapa kunanyesha. Nimepima kwa ubao na nimepima kwa msumari. Ni tatu.”

Kijana hakubishana tena. Alipiga simu kituo cha juu, umbali wa kilomita 20, akaambiwa kwamba huko mto umejaa na bado unapanda. Maji yaliingia kati ya vituo viwili na hayakutoka. Watu wakatumwa kwa pikipiki kufuata ukingo, na baada ya saa moja wakaona mahali ulipobomoka, upande wa kushoto, upana wa hatua 30. Maji yalikuwa yakipita katikati ya mahindi kuelekea kijiji kilicho nyuma ya mto, ambako watu, walipoona asubuhi kwamba mto umeshuka, walikuwa wameanza kuwarudisha mbuzi mabondeni na kufungua mizigo waliyoifunga jana. Wakaambiwa waifunge tena. Kufikia saa tano maji yalikuwa yamefika katika madirisha ya shule, na shule haikuwa na mtu.

Katika daftari la mzee, mbele ya 3.88, katika nafasi iliyoachwa kwa maelezo, yapo maneno manne kwa wino: Mvua inanyesha. Mto umeshuka.